Niliteleza bafuni nikavunjika mkono. Je, sindano ya homoni itanirudishia mifupa?

Sista, habari za siku nyingi. Nasoma majibu yako kila wiki, lakini sikuwahi kufikiri kuna siku mimi mwenyewe ningekuandikia.

Nina miaka 51. Naishi Manyatta, hapa Kisumu, na nina kibanda cha kuchomelea vyuma karibu na soko la Kibuye: mageti, madirisha, vitanda vya shule. Naishi na virusi vya Ukimwi tangu 2008. Siku ile nilipopimwa nilikuwa nimekonda hadi mama yangu alikuwa ameshaanza kuwaza mahali pa kunizika. Nilianza na zile dawa za zamani zilizonikausha mashavu na miguu, nikabadilishiwa, na tangu 2019 nameza kidonge kimoja kila usiku, TLD, chenye dawa tatu za virusi ndani yake. Sijawahi kuwasumbua watu wa CCC, kliniki yetu sisi wenye virusi. Kila nikipimwa naambiwa niko LDL, virusi havionekani.

Wiki tano zilizopita niliingia bafu letu la nje asubuhi, nikakanyaga sabuni, nikajikinga kwa mkono wa kulia. Sikuanguka kutoka kwenye paa, Sista. Nilianguka pale nilipokuwa nimesimama. Nikasikia mfupa umelia kama kijiti. Kwenye hospitali niliyopelekwa, kijana aliyetazama eksirei aliiinua kwenye mwanga mara mbili akasema, "Mzee, mifupa yako imekuwa mepesi kama ya bibi kizee." Akacheka, wakanifunga plasta, akaita mgonjwa mwingine. Hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani.

Neno hilo halijanitoka kichwani. Kwa sababu kuna jingine nililokuwa nimelificha: kwa mwaka mzima na zaidi sina hamu na mke wangu. Jioni nikifika nyumbani nimekwisha, hata kama kazi ilikuwa ndogo. Yeye ana miaka 34, hana virusi, tuna binti mmoja na anataka mtoto wa pili. Ameanza kuamini nina mpango wa kando. Simlaumu.

Rafiki yangu anayebeba vyuma vya mazoezi akaniambia hiyo yote ni homoni ya kiume imeisha mwilini, na ikiisha hata mifupa huliwa. Akanipeleka kwa chemisti mmoja anayemjua. Sikupimwa chochote. Nilidungwa sindano ya testosteroni kwenye tako wiki mbili zilizopita, nikapewa na ya pili niende nayo nyumbani nidungwe wiki ijayo. Iligharimu pesa ya siku tatu za kazi. Wiki ya kwanza nilijiona kijana, wallahi. Wiki ya pili nikarudi nilipokuwa, pengine chini zaidi.

Halafu jamaa mmoja hapa stejini akasema ARV ndizo zinazokula mifupa, na kwamba shemeji yake aliziacha akapona miguu. Mwezi huu niliziacha siku nne. Nikaogopa, nikazirudia, lakini moyo haujatulia.

Sasa nifanye nini? Nidungwe ile ya pili? Niache dawa au nibadilishiwe? Mke wangu nimwambie nini? Na nina geti la mteja wa Mamboleo ambalo nilishachukua arubuni. Je, nitaweza kulibeba?

Fundi wa Kibuye

*

Fundi, pole kwa mkono, na pole zaidi kwa lile neno la bibi kizee. Kijana yule alikuwa ameona jambo la maana kwenye eksirei, akalifanya kicheko badala ya kulifuatilia. Mwanamume wa miaka 51 akivunjika mfupa kwa kuanguka kutoka kwenye kimo chake mwenyewe, hiyo ni dalili kama homa ilivyo dalili. Ilipasa aulizwe dawa anazomeza, pombe, maradhi mengine, kisha aandikiwe barua ya kwenda kupimwa. Wewe uliondoka na plasta tu. Kwa hiyo safari ile ya hospitali haijaisha, na barua hii naiandika ili uimalize.

Lakini kwanza zile siku nne.

Umefanya vyema kuzirudia. Usiziache tena hata usiku mmoja kwa sababu ya mifupa. Jambo hili lilishajaribiwa kwa watu wengi. Kulikuwa na utafiti mkubwa ulioitwa SMART, wenye watu 5,472 kutoka nchi nyingi. Nusu yao waliendelea na dawa bila kukatiza, nusu wakawa wanaziacha na kuzirudia kufuatana na kinga yao. Mwaka 2006 ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu waliokuwa wakiacha waliugua na kufa zaidi kuliko wenzao. Wala si magonjwa ya Ukimwi pekee yaliyowapata. Moyo, figo na ini pia viliathirika. Mfupa mwepesi unatibika, fundi. Nimefanya kazi ya uuguzi huku Nyanza miaka mingi kiasi cha kuwakumbuka waliozikwa kabla dawa hizi hazijafika, na siwezi kukuandikia kwa upole juu ya jambo hili.

Kuna na mke wako. Hana virusi, na nyinyi mnaishi kama mume na mke. Kinachomlinda ni ule LDL wako. Mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo na anameza dawa kila siku hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Ukiacha dawa, virusi hurudi ndani ya wiki chache, na ngao yake imeondoka bila yeye kujua. Nenda CCC wiki hii, waeleze zile siku nne, waamue kama kipimo cha virusi kirudiwe mapema. Hawatakula. Mpaka wakwambie uko sawa, tumieni kondomu.

Sasa jamaa wa stejini. Alichosema kina punje ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana kimekuingia. Wewe unafanya kazi na chuma. Chuma ukishakichomelea kinakaa vile vile hadi kutu ikifikie. Mfupa si hivyo. Mfupa ni kitu hai, una seli za kubomoa na seli za kujenga, na kila siku kipande kidogo kinavunjwa na kingine kinawekwa mahali pake. Ujanani wajenzi huwashinda wabomoaji. Baadaye wanakwenda sambamba, na uzee ukiingia wabomoaji wanaanza kuongoza. Virusi vyenyewe huwachochea wabomoaji, kwa sababu mwili unaopigana na maambukizi kwa miaka mingi haupoi, na ule moto wa ndani unaitafuna mifupa. Ulipoanza dawa 2008 mifupa yako ilikuwa imeshapigwa, pamoja na ule ukondefu uliomtisha mama. Mtu mkonde ana mifupa mikonde.

Kisha dawa. Mtu anapoanza ARV za aina yoyote hupoteza asilimia 2 hadi 6 ya uzito wa mifupa katika mwaka wa kwanza au wa pili, halafu hali hutulia. Ndani ya TLD kuna tenofoviri, ile T, ambayo huvuta kidogo zaidi kuliko nyingine. Hupitia kwenye figo, na kwa baadhi ya watu hufanya figo zimwage fosfeti kwenye mkojo. Fosfeti ni madini ya mfupa; ikimwagwa, wajenzi wanakosa saruji. Kwa wengi haifiki huko. Kwa wachache inafika, na inaonekana kwa vipimo rahisi: kreatinini na fosfeti za damu, na mkojo wa kutazamwa protini na sukari. Mkojo ukiwa na sukari na hali damu haina kisukari, hapo figo zinalalamika.

Kwa hiyo swali lako la kubadilishiwa lina jibu, ila jibu hilo limo kwenye maabara. Ikionekana tenofoviri inakuumiza, wahudumu wa CCC wanaweza kukuhamisha kwenye dawa nyingine, ama aina nyingine ya tenofoviri isiyoingia sana kwenye mifupa na figo, ama abakaviri. Lakini waombe kwanza wahakikishe umepimwa homa ya ini ya B. Tenofoviri hukandamiza na virusi vya homa hiyo pia, na mtu aliye navyo akiondolewa dawa hiyo ghafla bila kupewa nyingine ya kuvishika, ini linaweza kuwaka vibaya. Sababu nyingine ya kutosikiliza matibabu ya stejini.

Tuje kwenye homoni, maana naona hapo ndipo roho yako ilipo.

Rafiki yako hakudanganya aliposema testosteroni na mifupa ni ndugu. Wanaume wenye virusi hupungukiwa na homoni hii mara nyingi kuliko wenzao wa rika moja. Ikishuka, mtu anachoka, hamu inakwisha, misuli inalegea, hasira zinakuwa karibu, na mifupa inapungua. Kuna jambo wengi hawalijui: sehemu ya testosteroni hugeuzwa mwilini kuwa estrojeni, homoni tunayoiita ya kike, na hiyo estrojeni ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kuilinda mifupa ya mwanamume. Ukipungukiwa na ya kwanza, ya pili nayo inapungua.

Aliposema dalili zako zote "ni homoni imeisha", hapo alibahatisha. Uchovu na kukosa hamu vinaweza kutoka kwenye kisukari, kwenye upungufu wa damu, kwenye tezi ya shingo, kwenye usingizi mbaya, pombe, huzuni ya muda mrefu, au dawa kali za maumivu kama tramadoli zikitumiwa sana. Vinaweza kutoka pia kwenye hofu ya mtu aliyebeba mzigo huu tangu 2008. Nakuuliza bila kukuhukumu: mara ya mwisho kulala usiku mzima ilikuwa lini?

Homoni inapimwa. Na ina masharti ya kupimwa, ambayo chemisti yule aliyaruka yote. Damu hutolewa asubuhi kabla ya saa nne, hujala kitu, kwa sababu testosteroni hupanda alfajiri na kushuka mchana. Hupimwa siku mbili tofauti, maana kipimo kimoja kinapotosha. Haipimwi mtu akiwa mgonjwa au ametoka kuvunjika, kwa kuwa mwili ulioumia huishusha kwa muda. Na kwa mwanamume mwenye virusi kuna mtego mwingine. Damuni mna protini inayoibeba homoni hii, na kwa wengi wenu protini hiyo huwa nyingi kuliko kawaida. Kipimo cha jumla kinaweza kusoma sawasawa, kumbe homoni iliyo huru, ile inayofanya kazi, ni kidogo. Mwambie daktari kwa maneno hayo hayo: naomba nipimwe ya jumla na iliyo huru. Ikionekana chini kweli, apime na zile homoni za ubongo, LH na FSH, zinazoziamrisha korodani, ajue kama hitilafu iko kwenye korodani au juu kwenye ubongo. Tiba hutegemea hilo.

Kwako wewe sasa hivi kipimo hakitasema kweli, kwa sababu kitapima sindano ya chemisti. Itabidi iishe mwilini kwanza, na daktari ndiye atakayekwambia usubiri wiki ngapi. Ile wiki ya ujana na ile ya kuporomoka zinaelezeka pia: sindano za kurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu hupandisha homoni juu sana siku za mwanzo, kisha inaanguka, na mtu anaanguka nayo. Kujisikia vizuri siku saba hakuthibitishi kwamba ulikuwa umepungukiwa. Hata mwanamume asiyepungukiwa anaweza kuihisi.

Umeniuliza kama itakurudishia mifupa. Nitakujibu kwa kadiri elimu ilipofika. Kwa wanaume wenye upungufu uliothibitishwa, testosteroni huongeza uzito wa mifupa. Utafiti uliotolewa 2017 kwa wanaume wa miaka 65 na zaidi ulionyesha hivyo baada ya mwaka mmoja, hasa kwenye uti wa mgongo. Watu wengi walidhani basi na kuvunjika kutapungua. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani ulioitwa TRAVERSE, wanaume 5,204 wa miaka 45 hadi 80, nusu wakipaka testosteroni ya jeli na nusu jeli tupu. Waliovunjika mifupa upande wa testosteroni walikuwa asilimia 3.50. Upande wa jeli tupu, asilimia 2.46. Waliopewa homoni ndio waliovunjika zaidi. Hakuna aliyetegemea hilo. Wanaume wale hawakuchaguliwa kwa kuwa na mifupa dhaifu, wala hawakuwa watu wa hali yako, hivyo sitakwambia homoni itakuvunja. Nakwambia usiitegemee iwe ndiyo dawa ya mifupa. Ukipimwa na kukutwa umepungukiwa, unaweza kupewa testosteroni kwa ajili ya upungufu huo, na mifupa ikapewa dawa yake yenyewe.

Na kuna jambo ambalo yule aliyekudunga angepaswa kukuuliza kabla hajavunja chupa: unataka mtoto? Ubongo ukiona testosteroni imejaa damuni, hudhani korodani zimefanya kazi ya kutosha, unaacha kuziamrisha. Zinalala. Mbegu zinapungua, kwa wengine hadi sifuri, na baada ya kuacha sindano zinachukua miezi kurudi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Mke wako anasubiri mtoto wa pili, nawe umeanza kuchoma dawa inayofunga mlango huo. Sindano moja haijakuharibia. Mlolongo wa sindano ungekuharibia. Mwanamume anayetaka mtoto na ana homoni pungufu hutibiwa kwa njia nyingine, na hiyo ni kazi ya daktari bingwa.

Testosteroni pia huongeza chembe nyekundu hadi damu inakuwa nzito, ndiyo maana anayeitumia hupimwa damu kila baada ya miezi kadhaa, na ikizidi husimamishwa. Tezi dume nayo huangaliwa kabla na baada, hasa kwa mtu wa umri wako. Chemisti hakukuangalia lolote. Ile chupa ya pili usiitumie. Ipeleke hospitali kama ilivyo, ikiwa imefungwa, daktari asome jina na kipimo, ajue uliingiziwa nini.

Mifupa yenyewe hupimwa kwa mashine inayoitwa DEXA. Unalala, mkono wa mashine unapita juu yako, hakuna sindano wala maumivu. Wataalamu wa virusi wanapendekeza wanaume wenye virusi wafanyiwe kipimo hicho wakifika miaka 50, na wewe una sababu ya pili iliyo ndani ya plasta. Mashine hizi ni chache, nyingi ziko Nairobi, hivyo usipande gari kabla hujapiga simu kuuliza. Anza kwa kuomba barua ya rufaa kutoka CCC kwenda hospitali kubwa. Kwako ni pale Jaramogi, pale wazee bado wanapaita Russia. Na hata DEXA ikichelewa, daktari hahitaji kukaa mikono mitupu. Kuvunjika kwako kunatosha kumfanya aanze kufikiria matibabu.

Kuna kipimo kimoja unaweza kukifanya kesho bila pesa. Kimo chako kiliandikwa kwenye faili la CCC ulipoanza. Simama ukutani bila viatu, mke wako akupime kwa tepu yako ya kazini. Ukikuta umepungua sentimita 4 au zaidi, mwambie daktari, kwa sababu pingili za mgongo zinaweza kusagika polepole bila mtu kuanguka. Na nyonga: hukuzitaja, lakini ukianza kusikia maumivu kwenye kinena unapopanda ngazi au kuchuchumaa, usisubiri. Wanaume wenye virusi hupata mara nyingi kuliko wengine ugonjwa wa kichwa cha mfupa wa paja kufa kwa kukosa damu, na mapema ndipo huokolewa.

Dawa ya mifupa inayotumika zaidi ni alendroneti, kidonge kimoja kwa wiki. Kina adabu zake: kimeze asubuhi kabla hujala, kwa bilauri nzima ya maji matupu, si chai, kisha kaa wima au simama nusu saa bila kulala, maana kikikwama kwenye koo huliunguza. Kuna na ya kudungwa kwenye mshipa mara moja kwa mwaka, soledroneti. Zote mbili hutaka figo ziwe zimepimwa, na vitamini D iwe sawa.

Upande wa chakula, Kisumu hamna kisingizio. Omena ndiyo hazina yenu. Ile samaki ndogo inaliwa nzima, na mfupa wake ndio kalsiamu yenyewe. Anayeitoa kichwa na mgongo ametupa dawa. Mwanamume wa umri wako anahitaji kama miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Bilauri moja ya maziwa, fresh au mala, inakupa kama 300. Ongeza omena, ongeza sukuma wiki, ambayo hutoa kalsiamu yake kwa urahisi kuliko spinachi. Jua la kuupa mwili vitamini D unalo, ila fundi hukaa chini ya mabati amevaa mikono mirefu kuanzia asubuhi, kwa hiyo usidhani umelipata kwa sababu tu unaishi karibu na ziwa. Pombe hukuitaja. Kama ipo, ishushe. Zaidi ya mbili kwa siku huanza kuila mifupa, na mlevi huanguka zaidi.

Ukiandikiwa vidonge vya kalsiamu, sikiliza hapa vizuri, maana ni kosa linalofanywa na watu waangalifu kabisa. Dolutegraviri, ile D ya TLD, hushikana na kalsiamu tumboni na kushindwa kuingia damuni. Hivyo hivyo vidonge vya chuma, na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini. Ukiwa hujala, TLD imezwe saa mbili kabla ya kalsiamu, au saa sita baada yake. Kwako ni rahisi: kalsiamu pamoja na kifungua kinywa, TLD usiku kama ulivyozoea. Maziwa na omena havina shida hiyo, kula wakati wowote. Na kama siku moja utahamishiwa kwenye dawa zenye ritonaviri, usikubali sindano ya kupoza goti au mgongo kabla hujamwambia anayekudunga unatumia nini. Baadhi ya sindano hizo zina steroidi, na zikikutana na ritonaviri hukaa mwilini muda mrefu na kuimaliza mifupa.

Zile dawa za nguvu za kiume za chupa zisizo na maandishi zinazouzwa barabarani, hukuniambia umezijaribu. Kama umezijaribu, orodhesha nazo mbele ya daktari.

Sasa mama watoto. Mwanamke anayeona mume amepoa mwaka mzima na haambiwi kitu ataijaza nafasi hiyo mwenyewe, na atakachoijaza nacho ni mwanamke mwingine. Umemwachia kuchagua kati ya kudharauliwa na kusalitiwa. Mwambie kabla ya Jumapili, na mwambie yote: hamu, uchovu, sindano, na zile siku nne. Siku nne ndizo ngumu zaidi, lakini zinamhusu mwili wake kuliko zote. Usianze kitandani usiku. Anza wakati binti yuko shule, mkono ukiwa kwenye plasta mbele yenu, kwa maneno mafupi: "Mwili wangu una hitilafu, sina mwanamke mwingine, na nataka twende pamoja tukajue." Wake wengi niliowaona kwenye benchi za kliniki waliweza kubeba ugonjwa. Kilichowashinda ni kukuta wamefichwa. Aje nawe CCC. Pale kuna wanaojua kuwapangia mtoto wenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, na hilo swali lenu la mtoto ni la kawaida sana kwao.

La geti. Mfupa wa kifundo cha mkono huhitaji kama wiki sita ndani ya plasta, wakati mwingine zaidi, na ukitoka hapo mkono huwa mgumu na mwembamba. Haubebi chuma siku hiyo. Utapewa mazoezi ya kukunja na kukunjua, uyafanye hata yakiuma kidogo. Baadaye, daktari akikuruhusu, kazi yako yenyewe itakusaidia, maana mfupa hujengwa na mzigo, na kutembea kutoka Manyatta hadi Kibuye kila asubuhi ni sehemu ya tiba. Kwa sasa mpigie mteja wa Mamboleo umwonyeshe plasta. Wewe pima, chora, simamia. Tafuta kijana wa kushika mashine na wawili wa kubeba, uwalipe kutoka kwenye ile arubuni. Na pale bafuni mwaga zege jipya lenye mikwaruzo, uchomelee na bomba la kushikia ukutani mkono ukipona. Bomba la inchi moja na nusu litakutosha.